Tela Lisilomwaga Chote

Kila mara mkwe wake alipokuja kumsalimia, fundi cherehani alimpokea mfuko kwa mikono miwili, akamvutia kiti, akamsifu kwa kunenepa hata kama amekonda, kisha akaingia na ule mfuko chumbani kuupekua. Hakuupekua ovyo. Alikuwa mtu wa nguo, alijua mishono inapita wapi na kitu kinaweza kujificha wapi. Alipitisha vidole kwenye pindo, akageuza vijifuko vya ndani, akanusa. Alikuwa anatafuta vumbi la chakula cha kuku. Hakulipata hata siku moja, na kutolipata huko ndiko kulikomzidishia wasiwasi, maana alijiambia kwamba anayeiba halafu akajipangusa vizuri namna hii si mwizi wa jana.

Maneno yenyewe yalianzia kwa kaka yake. Kaka mtu alikuwa na mabanda ya kuku wa mayai nje ya mji, na mkwe, mume wa binti wa fundi, ndiye aliyekuwa akiyaangalia. Alikaa na mke wake na watoto kwenye nyumba ya vyumba viwili ubavuni mwa mabanda. Chakula hakikuja kwa magunia. Kililetwa na lori lenye tela refu, kikasukumwa kwa bomba mpaka ndani ya tangi la bati lililosimama kwa miguu minne, na ufunguo wa tangi alikuwa nao mkwe peke yake. Sasa tangi likawa linakauka kabla lori halijarudi. Kiwandani tela lilipimwa kaka akiwa amesimama pale pale, mzani hauna neno. Kuku hawakuongezeka. Kaka akatazama huku, akatazama kule, jicho lake likatua kwenye ufunguo.

Alimpigia fundi, dada yake, simu, sauti ya chini kama mtu anayeleta habari ya msiba. Mzigo ujao ukishashushwa, alisema, mkwe atakabidhi ufunguo, atafungasha virago na kuondoka na familia yake. Kwa heshima ya dada hatampeleka polisi. Fundi akashukuru, kisha akakaa na simu mkononi akijiuliza ameshukuru nini hasa. Binti yake naye alipompigia akilia, akimuuliza kama na yeye anaamini, alimjibu kuwa yeye hajasema kitu. Jibu hilo halikumfaa mtoto wala mama, na wote wawili walilijua hilo kabla simu haijakatika.

Nyumbani kwa fundi alikuwepo pia mwanawe wa kiume, aliyebatizwa na mtaa jina la Msasa kwa sababu vidole vyake havikuwahi kukosa vumbi la msasa. Kazi yake watu waliiona mchezo. Alinunua malori ya mfano, yale madogo yaliyotengenezwa kwa kufuata vipimo vya malori ya kweli, mengi yakiwa yamevunjika milango au yamepoteza magurudumu, akayafumua na kuyageuza kuwa magari ya shamba: la kubebea nyasi kavu, la maziwa, na zaidi ya yote malori na matela ya chakula cha mifugo. Wenye magari waliyaweka mezani ofisini kwao wageni wapate cha kushika. Safari hii aliyeagiza alikuwa mwenye lori lile lile lililokuwa likimpelekea mjomba wake chakula. Alimwambia anataka tela lake, na liwe lenyewe, si la kufanana nalo.

Ukimwambia Msasa maneno kama hayo umemwambia asilale. Alilikuta tela gereji, limeinuliwa kubadilishwa matairi, dereva wake hayupo. Akapanda juu, akafungua vifuniko vyote, hata kile cha mbele kilichokuwa kigumu kama kimeganda kwa kutu, akapima nje, akapima ndani kwa rula ya kukunja, akalala chali chini yake na kuchora alichokiona. Aliporudi nyumbani akachukua tela la mfano lililokuwa la kontena, akalikata mbavu kwa msumeno mwembamba na kuliundia tumbo jipya kwa bati la kopo. Chini akabandika shingo za chupa zilizokatwa ziwe faneli. Juu akaweka vifuniko vya chupa za dawa ya macho. Ndani ya bomba akaingiza waya uliochomolewa kwenye mgongo wa daftari, ule uliojisokota, ambao ukizungushwa kwa kishikio unasukuma punje mbele kama skrubu ndefu ya lori la kweli.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya mama yake: mkono wa turubai, ile soksi inayovishwa mdomoni mwa bomba ili chakula kisipeperuke. Alikuwa anaushona, pini tatu mdomoni, dereva wa lori alipobisha hodi.

Walimwita Taratibu, kwa neno alilolichora mwenyewe nyuma ya lori. Alikuwa mtu mpole, mwenye shikamoo ndefu, na siku hiyo alikuja na machungwa. Fundi aliitikia marahaba, akayatazama yale machungwa kama vile yana mdomo. Dereva huyu alikuwa amepita mbele ya nyumba yao miaka yote bila hata kupiga honi.

"Nimesikia lori langu limezaa," Taratibu alisema. "Nimekuja kumwona mtoto."

Msasa, mtu wa kusifiwa mara moja kwa mwaka, akalileta tela mbio. Dereva akaligeuza, akacheka, akasifu faneli, akasifu matairi, akauliza vifuniko vimetokana na nini. Kisha akafungua kifuniko cha mbele, akachungulia, na kicheko chake kikasimama kama cherehani iliyokatika uzi.

"Hapa umekosea, kijana. Huu ukuta wa ndani haupo."

"Upo, kaka. Nimeushika."

"Nani alikuambia upande juu?"

"Bosi wako. Alisema anataka lenyewe."

Taratibu akabadili wimbo. Alieleza kuwa ni kipande cha zamani kisicho na kazi, kinatolewa karibuni, na kwamba bosi akikiona mezani kwake ataona kijana kamharibia tela. Afadhali Msasa aking'oe. Au afadhali zaidi ampe yeye tela sasa hivi, alifikishe mwenyewe, amwondolee usumbufu wa safari. Mkono wake ulikuwa tayari umelifunika tela lote.

Fundi akatema pini kiganjani. "Mkono wa turubai bado, baba. Mtoto hatoki nje bila nguo."

Akalitwaa kwa upole, kama anavyochukua suruali ya mteja asiyelipa. Dereva akatabasamu upande mmoja wa uso. Alisema basi, kesho ana mzigo wa kumshushia kaka mtu kule shambani, akimaliza atapita kulichukua. Alipofika mlangoni akageuka na kuuliza, kama jambo lililompitia tu kichwani, ni nani mwingine ameshaliona.

"Paka," fundi alijibu.

Alipokwenda, mama akamgeukia mwanawe. Alitaka kujua dereva anayelalia usukani wa lori la kweli kutwa nzima anatafuta nini kwenye la kuchezea. Msasa alikuwa amekwishamenya chungwa. Akamwambia mama yake ana tabia ya kumshuku hata mtu anayepiga miayo, na wakati mwingine watu hupenda vitu vizuri tu.

Fundi hakubishana. Alivisha mkono wa turubai mdomoni mwa bomba, akaenda jikoni, akarudi na bakuli la uwele. Alitaka kuona kama mshono utashika, ndivyo alivyosema. Akafungua vifuniko vyote, akajaza tela mpaka uwele ukasimama kichuguu, akasawazisha kwa kidole na kufunga. Kisha akamwambia Msasa azungushe. Waya ukalia kwi kwi kwi, uwele ukatembea ndani ya bomba, ukashuka kwenye ule mkono bila punje kuruka. Kwa dakika nzima walisahau mambo yao wakatazama tu, maana lilikuwa jambo la kupendeza kweli. Punje zikapungua, zikawa moja moja, zikakoma.

"Limeisha," Msasa alisema.

Mama yake akaliinua mpaka sikioni, akalitikisa.

"Mbona linaongea?"

Msasa akafungua kifuniko cha nyuma na vya katikati. Faneli zilikuwa nyeupe, safi. Akafungua cha mbele, na pale nyuma ya ukuta uwele ulikuwa umejaa, haukupungua hata punje. Kisha akaanza kueleza polepole, zaidi akijieleza mwenyewe. Ukuta haufiki juu. Tela likijazwa pomoni chakula kinauvuka na kuangukia upande wa pili, na kikishaangukia huko hakina njia ya kurudi kwenye faneli. Yeye alidhani umewekwa kuimarisha tumbo. Aliupima, akautengeneza, hakujiuliza.

"Na huko kinatokaje?"

"Kuna kimlango chini, nyuma ya tairi la akiba. Nilikiona, nikakiweka."

Fundi akaligeuza tela mapajani, akatafuta kile kimlango kwa ncha ya sindano, akakifyatua. Uwele ukammwagikia kwenye gauni, ukaingia kwenye mikunjo, ukashuka mpaka sakafuni. Hakuuzoa. Alikuwa anaufikiria mfuko wa mkwe wake, vijifuko vyake vya ndani alivyovigeuza akiwa amefunga mlango, na binti yake kule shambani ambaye huenda wakati ule ule alikuwa anafunga vyombo.

Msasa aliogopa, na hakuficha. Alisema yeye ni fundi wa vigari tu, si polisi. Akimwaga siri ya lori la mtu, ni mwenye lori gani atakayempa tena kazi? Na kama bosi mwenyewe yumo? Dereva kwao anapajua, machungwa ndiyo hayo mezani. Mama yake naye aliogopa yote hayo na mengine mawili matatu ambayo mwanawe hakuyafikiria. Lakini akamuuliza jambo moja: huo ukuta aliuona au aliushika?

"Niliushika, mama."

"Basi kesho tunakwenda kwa mjomba wako."

Walipofika shambani lori lilikuwa limeshasimama chini ya tangi, skrubu inanguruma, vumbi limetanda. Kaka mtu alikuwa pembeni, ufunguo tayari uko mkononi mwake. Mkwe amesimama hatua chache nyuma, anatazama chini. Mlangoni kwa binti palikuwa na mafurushi matatu na godoro lililofungwa kwa kamba. Skrubu ikaanza kulia kavu, Taratibu akaizima, akapiga ubavu wa tela kwa kiganja. "Limeisha, mzee," alisema, na hapo ndipo alipomwona fundi cherehani anakuja na kifurushi kifuani.

Fundi akasalimu kwa mkato. Akapindua ndoo, akaweka tela la mfano juu yake, akaanza kulijaza uwele. Kaka yake akakunja uso, akamwambia leo si siku ya michezo.

"Nipe dakika moja, kaka, halafu unifukuze na mimi."

Akamshikisha kishikio. Mzee mzima akainama, akazungusha kigari mbele ya watu, masikio yakimwiva kwa aibu. Uwele ukatoka, ukapungua, ukakoma.

"Limeisha?"

"Limeisha, dada."

"Litikise."

Akalitikisa. Akalitikisa tena, karibu na sikio. Dada yake akapitisha sindano chini, uwele ukamwagikia viatu vyake, na kaka akabaki anautazama kama mtu aliyemwagiwa maji asiyejua yametoka dirisha gani. Taratibu alisema kile ni kitu cha watoto, kijana ametunga, mtu mzima hahukumiwi kwa kikopo cha bati. Aliyasema kwa haraka, yeye ambaye hakuwa na haraka maishani.

Kabla hajamaliza, mkwe alikuwa ameshaondoka pale alipokuwa. Alilitazama lile dogo mara moja, akaenda kwenye lile kubwa, akainama na kupotea nyuma ya tairi la akiba. Walisikia chuma kikigongwa. Kisha chakula kikaanza kushuka, si kidogo, kikamfunika miguu, kikampanda magotini, na kikaendelea kushuka, mpaka kuku mabandani wakasikia ule mporomoko na kuanza kupiga kelele wakidhani saa yao imefika.

Taratibu hakukimbia. Alikaa kwenye ngazi ya lori lake, akaomba maji, na hakuna aliyekwenda kuyachota. Kaka mtu alimwambia Msasa ampigie mwenye lori aje mwenyewe, aone kwa macho. Kama alikuwa anajua au hajui, atalisemea hapa hapa, kando ya lundo. Halafu akamnyooshea mkwe ufunguo. Mkwe akauacha uning'inie hewani kitambo, huku anajipangusa vumbi la suruali, ndipo akaupokea. Binti wa fundi alikuwa ameshaanza kufungua kamba ya godoro kwa meno.

Jua liliposogea, fundi akataka kurudi. Alikuwa anatafuta cha kubebea lile tela, kwa kuwa kitambaa alichokuja nacho kilikuwa kimeloa jasho na vumbi, mkwe wake alipomjia na mfuko wake, ule ule, ameufungua mdomo kwa mikono yote miwili.

"Tia humu, mama, lisivunjike njiani. Mfuko wenyewe unaujua."

Alisema bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni maji yalipo, na hakuushusha. Mama mkwe akaingiza mkono na tela lake mpaka kiwiko, na hakujua aangalie wapi.