Kitako cha Bunduki ya Verlin

Orpha aliilaza bunduki ya shabaha ya marehemu mumewe, Verlin, mezani kwa Hostetler, mthamini wa silaha pale Ohio. Hostetler akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, akafungua kitabu chake.

“Ya mwaka 1937. Chuma kizima. Lakini kitako hiki, shemeji, nani kakipiga msasa?”

“Mimi. Nimesugua siku mbili, nikapaka na vanishi. Si kinang'aa?”

“Kinang'aa, na bei imepungua nusu. Wanunuzi wanataka mbao kama ilivyozeeka. Hapa pangekuwa na weusi wa jasho, pale Verlin alipokuwa akiegemeza shavu miaka arobaini.”

Orpha akapapasa mahali pale. Palikuwa laini kabisa.

“Weusi ulikuwepo,” akasema. “Nilidhani ni uchafu.”