Jiko Lililomfuata Dada

Siku mnunuzi alipokuja kuikagua nyumba, mshonaji alikuwa anaanika mapazia. Kaka yake alikuwa amemwomba ayafue ili nyumba ipendeze machoni pa mgeni.

Mnunuzi, mwanamke mpole mwenye mimba kubwa, aligonga kuta, akafungua mabomba, akauliza kama paa linavuja.

"Halivuji," mshonaji akasema. "Ila mlango wa bafuni uinue kidogo, ndipo unapofungika."

Walipofika jikoni, mnunuzi alisimama katikati. Dirisha lilikuwa pana, na rafu zilikuwa chini, za kumfaa mtu mfupi.

"Mimi nitashinda humu," akasema.

Mshonaji naye alikuwa mfupi. Jiko hilo alilijenga kwa pesa za cherehani yake, kwa kushona sare za wanafunzi, miaka ile alipokuwa akimuuguza mama yao. Lakini hati ya nyumba ilikuwa na jina la kaka peke yake. Baba alipoiandikisha alisema binti ataolewa tu. Hakuolewa.

Kwa wakili alikwenda amevaa viatu vyake vizuri.

"Jina lake limo kwenye hati?" wakili akauliza.

"Halimo," kaka akajibu, akiangalia sakafu.

"Basi mama apumzike pale kwenye benchi. Sahihi yake haihitajiki."

Akapumzika kwenye benchi. Wengine wakatia sahihi.

Alihamia chumba cha kupanga, upande wa pili wa mji. Jioni alifungua mlango wa uani amwage maji, akalikuta jiko limesimama pale, kuta zake zote, dirisha lake pana, sufuria ya chai bado ya moto. Akajimiminia kikombe.

Mwenye nyumba alikuja kulitazama, mikono kiunoni.

"Hukuniambia una jiko."

"Limekuja lenyewe."

"Haya. Lakini limekaa kwenye kamba yangu ya nguo."

Kesho yake wakaja watatu: kaka, wakili na mnunuzi. Kule nyumbani, mlango wa jikoni ulikuwa unafungukia kwenye udongo mtupu.

"Mkataba unasema nyumba na vyote vilivyojengwa kiwanjani," wakili akasema, akitoa karatasi. "Tia sahihi hapa kwamba unalirudisha kwa hiari yako."

"Si mlisema sahihi yangu haihitajiki?"

"Kwa kuuza haikuhitajika. Kwa kurudisha inahitajika, kwa sababu limekufuata wewe."

"Pole, dada," mnunuzi akasema, mkono tumboni. "Ningekuachia. Lakini nitampikia wapi huyu?"

Kaka alimsogelea. "Dada, watanifikisha mahakamani. Nina watoto."

Kifungo cha shati lake kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Mshonaji alikitazama muda mrefu. Kisha akainama, akaandika jina lake lote, herufi baada ya herufi, kama mtu anayepiga msumari. Kabla wino haujakauka, jiko lilikuwa limekwisha kuondoka.

"Na mimi nipate nakala," akasema.

Wakili alikuwa anafunga mkoba. "Nakala ni za wahusika, mama."

Walipotoka, alimrudisha kaka yake mlangoni akamkazia kile kifungo, akakata uzi kwa meno. Nyuma yao mwenye nyumba alikuwa anaifunga upya kamba yake, anaivuta, anaijaribu kama imekaza.