Kichwa cha Kapteni Simbilisi

Walipoanza kumpiga, Edilberto Chumpitaz alificha mikono. Mbavu aliwaachia, mgongo aliwaachia, hata kichwa aliwaachia. Mikono aliikunja chini ya tumbo akailalia. Walikuwa watu watatu wenye mbao za vitanda, na walipiga bila haraka yoyote, maana askari wa gereza mwenyewe ndiye aliyewafungia mlango wa banda kisha akaenda zake kunywa chai. Jino moja lilimtoka likaviringika mpaka kwenye mfereji wa maji machafu. Mashavu, mnyapara wa banda, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula mkate na zeituni, mbegu anazitema sakafuni.

"Shangazi," alisema Mashavu, "mimi sikuombi figo. Nakuomba nafasi kidogo tu kwenye tumbo la huyo panya wako wa uzi."

"Ni simbilisi," alijibu Edilberto, mdomo umejaa damu.

Wale watatu walicheka, na Mashavu naye akacheka. Wakamaliza kucheka, wakaendelea kupiga.

Jina la kuzaliwa la Mashavu lilikuwa Osmer, lakini aliyemwita hivyo alikuwa mama yake tu. Kwa miaka aliwatisha wenye maduka wa mjini kwa simu akiwa kitandani kwake gerezani, na asiyetii alizikwa. Kisha serikali ikaleta mitambo ya kuua mawasiliano, simu zote za mkononi za banda zikawa vyuma vya kufungia mlango, ikabaki ile ya ukutani tu, ambayo askari wanaisikiliza. Sasa alikuwa na kadi ndogo kuliko ukucha, ndani yake sauti yake mwenyewe ikitaja nani auawe na wapi. Kadi hiyo lazima itoke. Wanaotoka nao hupekuliwa siku hizi, ila mtoto mdogo aliyekumbatia mdoli, nani atamshuku? Mtu wao angemsubiri mtoto kituo cha basi, amnyang'anye mdoli, yaishe.

"Mwanangu hapana," alisema Edilberto.

"Mtoto hata hatajua."

"Na wakimkamata mama yangu na hiyo kadi getini? Mtoto atabaki na nani? Hapana. Niueni."

"Nikikuua nani atanifumia?" Mashavu alikung'uta makombo ya mkate, akainuka. "Mwacheni. Kichwa chake kibovu."

Huyo Edilberto, mtu wa kuitwa Shangazi, ungemwona usingeamini. Alikuwa mpakuzi wa samaki bandarini, kifua cha kubeba makreti mawili kwa mpigo, na vidole vyake vinene ungedhani haviwezi hata kufunga kifungo. Gerezani akajifunza kufuma. Sindano yake aliichonga kutoka kwenye mpini wa mswaki, akausugua kwenye saruji mpaka ukapata ndoano. Uzi ulitoka kwenye masweta ya zamani waliyoyafumua. Wala hakuwa peke yake: nusu ya banda walifuma midoli ya vibonzo vya televisheni, wake zao wakaiuza nje. Ungewasikia wauaji wakibishana masikio ya sungura fulani ni ya waridi au ya kijivu! Nusura watoane macho. Ila kumtania Edilberto kulikuwa na utamu wake, kwa sababu ya lile umbo.

Na mdoli aliokuwa anaufuma haukuwa wa kuuza. Ulikuwa Kapteni Simbilisi, yule wa kwenye kibonzo cha jioni, simbilisi baharia mwenye jicho moja na skafu nyekundu, ambaye kila siku anaponea chupuchupu kuingia kikaangoni. Maricielo, binti yake wa miaka saba, alimpenda Kapteni kuliko chakula.

Maricielo hakumpenda baba yake. Alimwogopa, na alikuwa na sababu. Alikuwa na miaka mitano siku ile ya sikukuu ya mtaa, amekaa juu ya meza na soda yake, jirani yao Rufino alipomtania Edilberto kuhusu mkewe aliyemkimbia. Utani wa walevi tu. Edilberto alinyanyua mtungi wa gesi akampiga nao Rufino kichwani, akampiga tena ameshaanguka, akampiga tena. Damu ilimrukia mtoto kwenye soksi. Tangu siku hiyo Maricielo hakukubali kuletwa gerezani, hata simu alikuwa anaikataa, mpaka bibi yake alipomwambia kwamba baba anamfumia Kapteni. Hapo ndipo aliposhika simu mwenyewe.

"Nitakuja kumwona Kapteni," alisema. "Sio wewe."

Kwa Edilberto maneno hayo yalitosha. Ndiyo maana alificha mikono wakati wanampiga.

Aliyemuuguza baada ya kipigo alikuwa Nilton, kijana wa kitanda cha juu. Alimkanda kwa maji ya chumvi, akamnywesha supu kwa kijiko, akawa anambembeleza, "Meza kaka Edil, meza hivyohivyo." Nilton ndiye mtu pekee aliyefundishwa kufuma na Edilberto, na alikuwa na kasoro moja isiyorekebika.

"Unauchota uzi kwa juu," Edilberto alimwambia mara elfu. "Uchote kwa chini. Ukiuchota kwa chini mishono inalala kama herufi X, imebana, pamba haichungulii. Wewe ya kwako imepanuka kama V."

"Aa, kaka, mdoli hauulizi!"

"Mimi nauliza."

"Basi wewe ni mdoli," alisema Nilton, wakacheka, Edilberto ameshika mbavu.

Siku zilizofuata banda lilitulia. Mashavu alimpita bila kumtazama, wale watatu hata salamu wakampa. Edilberto akajiambia amewashinda, wamemwona mwanamume. Mjinga yule! Watu wa aina ile hawatulii hivihivi. Alimalizia Kapteni wake, akamfunga skafu, akamshona kitufe cheusi cha jicho, akamtundika kwenye mfuko juu ya kitanda. Asubuhi ya Jumamosi, siku ya wageni, alikwenda kupanga foleni ya kuoga.

"Nenda kaka, mimi nipo," alisema Nilton.

Kwa wasioijua Jumamosi ya wageni: wanaume wale wale waliokuwa wanachomana visu Ijumaa wanavaa mashati yaliyopigwa pasi. Mablanketi yanatandazwa juu ya kamba kuweka kivuli, sufuria za kuku zinachemka, uji wa mahindi ya zambarau unagawiwa watoto. Na sheria ni moja kwa wote, mnyapara na mpiga deki: mgeni haguswi. Hakuna kutukana, hakuna kumkodolea macho mke wa mtu, hakuna kunyanyua mkono. Hata mwenye kisasi cha damu hungoja geti lifungwe. Anayeivunja sheria hiyo hana rafiki tena, si banda lile wala lingine.

Maricielo aliingia ameshika sketi ya bibi yake, mama Herminia, namba ya wino imeandikwa mkononi mwake. Alisimama mbali. Alimtazama baba yake miguuni, hakupanda juu zaidi.

"Yuko wapi?"

Edilberto alinyoosha mikono yote miwili, akainamisha uso ili asimtishe. Mtoto alimchukua Kapteni haraka, akarudi nyuma ya sketi. Kisha zikasikika kelele za furaha, za mtoto kweli, zikiuliza kofia inavulika, jicho jingine liko wapi, ana mkia? Mama Herminia alijifuta machozi kwa kitambaa cha kufungia mkate alichokuja nacho. Wakala. Wageni walipoanza kukusanya vyombo vyao, Maricielo alisogea kidogokidogo mpaka kwenye goti la baba yake.

"Umemtengeneza na mikono hiyo?"

"Hiihii."

Mtoto alinyoosha kidole kimoja, akamgusa kwenye kifundo cha kidole gumba, akakiondoa upesi. Halafu akakirudisha. Furaha ilimjaa Edilberto mpaka zile mbavu zikamuuma.

Hapo ndipo alipoona shingo. Skafu ilikuwa imepanda juu, na chini yake mishono ya mizunguko ya mwisho ilikuwa imepanuka. V, V, V, kuzunguka shingo yote.

Alimtafuta Nilton kwa macho. Nilton alikuwa bombani anaosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu, kichwa chini. Alimtazama Mashavu. Mashavu aliinua glasi yake ya uji kama anayemtakia afya njema.

Pale pale askari alipiga filimbi ya wageni kutoka, mama Herminia akainuka, akamshika mjukuu wake mkono.

"Maricielo," alisema Edilberto, akilazimisha sauti iwe laini, "nipe Kapteni kidogo. Nimkaze shingo."

"Sitaki! Ni wangu." Alimkumbatia kwa nguvu.

"Kidogo tu, mama."

"Mwachie mtoto mdoli wake, Shangazi," alisema mmoja wa wale watatu, ameshafika nyuma yake. Wa pili naye alikuwa anakuja.

Muda ulikuwa umekwisha. Edilberto alimpokonya. Hakuna namna nzuri ya kulisema: alimkamata mtoto mkono, akamfumbua vidole, akamnyang'anya. Maricielo alipiga yowe, uwanja mzima ukageuka. Edilberto alishika kichwa kwa mkono mmoja na mwili kwa mkono mwingine, akavuta. Ile mishono ya V ikaachia papo hapo. Kichwa kikaruka, pamba ikatawanyika, na yeye akatia vidole ndani ya tumbo la Kapteni akipekua.

"Bibi, anaua tena!" Maricielo alilia. "Anaua tena!"

Aliyasikia, wee, aliyasikia vizuri. Lakini vidole vilishaipata kadi, imeviringishwa kwenye nailoni. Aliitia mdomoni, akaitafuna kwa meno yaliyobaki mpaka ikavunjika, akaimeza.

Mashavu aliona jina lake na kazi yake yote vikishuka kooni mwa mpakuzi wa samaki, akasahau ni siku gani. Alichomoa kisu kwenye soksi akaja nacho mbele ya akina mama na watoto wao. Pigo la kwanza lilimchana Edilberto sikio. La pili alilikinga kwa kiganja cha kulia, na kisu kikapita kwenye kiganja chote kikakata mishipa ya vidole. La tatu lilizama chini ya bega. Nyuma ya Edilberto, hatua mbili tu, alisimama Maricielo.

"Kisu!" mtu alipaza sauti. "Kisu mbele ya watoto!"

Loh! Watu waliomwogopa Mashavu miaka yote walimwendea kama waliokuwa wanasubiri ruhusa. Benchi la kwanza lilimvunja taya. Mwanamke mmoja alimmwagia sufuria nzima ya mchuzi unaochemka shingoni, na mumewe akamalizia kwa sufuria yenyewe. Walimkanyaga vidole, walimkanyaga uso, wakamburuta kwa nywele juu ya mifupa ya kuku, na wale watatu wake walivua mashati wasitambulike wakajichanganya na wapigaji. Askari walifyatua risasi hewani, hakuna aliyesikia. Walipomwinua, hata mama yake asingemtambua.

Edilberto alikuwa chini, mkono wake ameubana kwapani, akitafuta kwa macho kati ya miguu ya watu. Aliona sketi ya mama yake ikisukumwa getini pamoja na wengine, na ndala moja ndogo imeachwa kwenye damu. Damu hiyo ilikuwa yake yeye, si ya mtoto.

Muuguzi wa gereza alimshona kiganja kwa uzi mnene. Edilberto alimwambia mishono yake ni mibaya, muuguzi akamwambia anyamaze. Mashavu alipakiwa kwenye machela akapelekwa gereza la milimani kwenye baridi, na habari zilimtangulia: huyu alitumia mtoto wa mgeni, akachomoa kisu siku ya wageni. Huko hakuna aliyemwita mnyapara. Nilton aliomba kuhamishwa banda jioni ile ile, na alivunjwa mkono kabla hajafika huko. Aliyefagia uwanja alimletea Edilberto mwili wa Kapteni, umechanika na umelowa. Kichwa hakikuonekana.

Kwa wiki nyingi mama Herminia alikuja peke yake. Kisha siku moja Edilberto alipopiga simu ya ukutani, mama alisema, "Kuna mtu anataka kusema nawe," akampa mjukuu simu.

"Kichwa ninacho mimi," ilisema sauti ndogo.

Edilberto aliegemea ukuta. "Kichwa cha Kapteni? Ulipita nacho vipi getini?"

"Nilimwambia yule mama askari nimepewa kichwa tu. Akakibonyezabonyeza, akanirudishia." Alivuta kamasi. "Kapteni alikosa nini?"

"Hakukosa kitu. Walimlisha kitu kibaya, mwanangu. Ilibidi nikitoe haraka, kingewadhuru wewe na bibi."

"Ungeniambia."

"Kweli. Ningekwambia."

Kwa mbali Edilberto alisikia televisheni ya nyumbani kwao.

"Na mjomba Rufino? Naye walimlisha kitu kibaya?"

Mkono ulioshonwa ulianza kumpwita. Nyuma yake foleni ilikuwa inanung'unika. Kusema ndiyo kungekuwa rahisi, na mtoto angeamini, maana alikuwa anatamani kuamini.

"Hapana," alisema. "Rufino hakulishwa kitu. Alinitania tu. Yeye hakukosa, nilikosa mimi."



"Kapteni anaona baridi shingoni," alisema Maricielo. "Mfumie mwili. Mpe bibi aniletee, mimi siji."

"Sawa, mama."

"Siji bado," alisema, akakata simu.

Edilberto alibaki ameishika ile simu kwa mkono wa kushoto, mpaka mtu aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega akamwambia zamu yake imekwisha.