Mbuzi wa Kibanja Chetu

Salvina alikuwa fundi cherehani pale Rubwera, na kundi la Kibanja Chetu alilianzisha kwa sababu ya ujinga wake, kama mwenyewe alivyopenda kusema. Baba yake alipofariki alimwachia kibanja cha migomba na kahawa, ilhali mikono yake ilikuwa imezoea mkasi na futi, si panga. Mgomba ukikunja jani, hakujua kama ni kiu au ni ugonjwa. Basi akawakusanya kwenye simu watu wachache wenye mashamba, ili apate wa kuwauliza. Wale wakaleta ndugu zao, ndugu wakaleta majirani, hata kundi likajaa watu wa Kyerwa na Karagwe ambao wengi wao Salvina hakuwahi kuwatia machoni.

Wawili kati yao walijulikana na kila mtu. Mmoja ni Mwalimu Jovitus wa Rugera, mstaafu wa shule ya msingi. Ukituma picha ya kahawa yenye madoa, Jovitus hakupi dawa mpaka akuhoji kwanza: mbolea umeweka lini, mvua imenyesha lini, na je, shamba la jirani nalo liko hivyo? Wengine walisema anahoji kama polisi. Lakini waliomsikiliza walivuna.

Wa pili ni Anonciata wa Nyakatuntu, mama ambaye wazazi wake walihamia kutoka Burundi zamani. Tangu aingie kundini hakuwahi kujibu swali la shamba hata moja. Kazi yake ilikuwa salamu. Asubuhi utamsikia kwa sauti yake ya taratibu: "Mwaramutse, mmeamkaje huko?" Mtu akisema mvua ya mawe imempiga, Anonciata atauliza kama watoto wako salama. Mtu akipotea muda mrefu, Anonciata atamwita kwa jina lake. Wapo walionung'unika kwamba mama huyu anawamalizia bando bure.

Mambo yalikwenda hivyo kwa amani, mpaka mzee Kahigi alipotaka kushukuru.

Kahigi alikuwa mfugaji, na kahawa yake ilikuwa imeponea chupuchupu kwa ushauri wa kundi. Siku moja akatuma ujumbe wa sauti: "Waitu, ndugu zangu, nawasalimu wote. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nina mbuzi jike, chotara, ana mimba. Namtoa. Apewe mtu mmoja aliyetufaa kuliko wote humu ndani. Admini ataamua, atangaze baada ya Pasaka."

Salvina alicheka peke yake juu ya cherehani. Aliyewafaa kuliko wote? Hilo nalo ni la kuuliza? Akamwona Mwalimu Jovitus akivuta kamba ya mbuzi huku miwani imemshuka puani, akafurahi kana kwamba mbuzi ni wake. Laiti angelitaja jina lile papo hapo, pengine yasingetokea yaliyotokea. Lakini aliona sherehe ina wakati wake, akanyamaza.

Kesho yake simu ikaanza kulia kama mzinga wa nyuki. Watu waliokuwa hawajaandika neno tangu waingie kundini sasa walikuwa mabingwa. Swali moja lilipata majibu lukuki, na majibu nayo yakajibiwa. Eliud wa Nkwenda, ambaye siku zote alituma matokeo ya mpira tu, akawa anamwaga mafundisho marefu aliyoyaokota huko mtandaoni, mengine ya mahindi ya nchi ambazo hata baridi yake si ya hapa. Mwanzoni Salvina alifurahi, akasema kundi limechangamka. Baadaye akawa haelewi nani anamjibu nani. Alichoelewa ni kwamba kila mtu alikuwa akimaliza ujumbe wake kwa kumsalimu admini.

Katikati ya kelele zile, Vero wa Rugera akatuma picha ya migomba yake nyuma ya jiko. Majani yalikuwa yamegeuka njano. "Naombeni msaada," aliandika. "Ni nini hiki?"

Wakamvamia. Mmoja alisema ni njaa ya samadi, mwingine akasema ni minyoo ya mizizi. Eliud ndiye aliyewahi kuliko wote, tena kwa herufi kubwa: ni unyanjano, ule ugonjwa unaofuta migomba kijiji kizima; ikate yote, chimbua, choma, usipoteze muda. Watu wakampa Eliud dole gumba. Salvina naye, kwa kuwa alikuwa na mteja mbele yake, alipitisha macho tu, akaweka dole gumba lake.

Jioni Vero akatuma picha nyingine. Nyuma ya jiko palikuwa uwanja.

Siku iliyofuata Salvina alimpigia kumpa moyo. Vero hakulia, alisema kwa sauti kavu: "Mwalimu Jovitus alifika hapa, dada. Alikuja na baiskeli kutoka kule kwao ng'ambo ya mlima. Amekuta nimeshakata. Akapasua vigogo akatazama ndani, vyeupe, hakuna usaha. Anasema ilikuwa njaa tu. Ningeweka samadi ingepona."

"Alikuja kwako? Kwa nini asiandike kundini?"

"Muulize mwenyewe. Mimi sikuelewa."

Salvina akampigia Jovitus. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, picha ya Vero uliiona mapema. Neno moja tu ungeandika, angesubiri."

Salvina alisikia kuku upande wa pili.

"Tangu mzee Kahigi amtangaze mbuzi wake, sijaandika kitu," Jovitus alisema. "Hukuona?"

Salvina akaona haya, kwa sababu kweli hakuwa ameona.

"Kila nikianza kuandika, najiuliza watasemaje. Watasema Mwalimu naye anamfukuzia mbuzi. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, nije kushindana na Eliud kwa ajili ya mbuzi? Nikaona heri nipande baiskeli. Mlima ukanishinda, nikawa nashuka nakokota." Akakohoa. "Basi ndiyo hivyo. Migomba ya mama wa watu imekwenda."

Salvina alikata simu akiwa hajui amkasirikie nani. Kahigi alikuwa ametenda wema. Jovitus alikuwa na heshima yake. Eliud alitaka kusaidia, au alitaka mbuzi, na nani angeweza kupasua kifua chake kama kigogo akatazame ndani? Na yeye Salvina je, na dole gumba lake?

Sasa hata kumpa Jovitus kukawa kugumu. Wangesema ni upendeleo, kwanza amenyamaza wakati watu wanahangaika. Salvina akakimbilia njia iliyoonekana nyepesi: watu wapige kura. Kila mmoja amtumie mzee Kahigi jina moja, kwa siri, Kahigi ahesabu. Moyoni alikuwa na hakika kwamba Jovitus atapita tu, tena bila lawama.

Pasaka ilipopita, Kahigi akatangaza. Hata sauti yake ilikuwa na mshangao. "Waitu, aliyeshinda ni mama Anonciata wa Nyakatuntu. Tena amewaacha wenzake mbali."

Eliud aliandika: "Kumbe salamu nazo ni mchango?" Mwingine, ambaye Salvina alimjua vizuri na kumheshimu, akaandika kwamba mbuzi wa wenyeji anakwenda kwa wakuja. Salvina akalifuta neno lile haraka, akamwambia faraghani kwamba humu hakuna mkuja, mama yule amezaliwa Nyakatuntu. Wakati anaandika hayo, juu ya kioo cha simu ukapita mstari mdogo wa kijivu. Jovitus alikuwa amejitoa kundini.

Salvina alimpigia Stephania, rafiki yake wa kwaya ya Kilutheri ambaye pia alikuwa kundini. "Wewe ulimchagua nani?"

"Anonciata."

"Lakini kahawa yako aliiponya Jovitus!"

"Ni kweli," Stephania alisema. "Ila ilipokuwa inakauka, Mwalimu aliniambia nimekosea wapi. Anonciata alinipigia simu kuuliza kama nimekula." Akaongeza: "Sijui, Salvina. Ungeniuliza nani anajua zaidi, ningesema Mwalimu. Wewe uliuliza aliyetufaa."

Siku ya kumpeleka mbuzi, Salvina na Kahigi walikodi bodaboda mbili hadi Nyakatuntu, mbuzi amefungwa kwenye boksi nyuma ya Kahigi, analalamika njia nzima. Anonciata aliwapokea uani akiwa na udongo mikononi. Alipoelezwa, aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mmekosea namba?"

"Hapana, mama," Kahigi alisema. "Ni wewe. Wamekuchagua."

"Kwa lipi?"

Kahigi akamtazama Salvina. Salvina akasema: "Kusema kweli, mama, nami nilitaka kukuuliza wewe."

Anonciata akacheka mpaka akashika mlango. "Mimi yale majibu yenu marefu siyasomi vizuri, macho yananisumbua. Kusalimia ndiko ninakojua. Nilidhani nawachosha." Kisha akampapasa mbuzi tumboni kwa mkono wa mtu anayejua, uso ukalainika. "Ana wawili huyu. Simkatai. Watu wakikuletea mbuzi mpaka mlangoni ukamkataa, unatafuta nini tena?"

Salvina alikuwa ametarajia, hata hakujua kwa nini, kwamba mama yule atasema apelekewe Mwalimu. Hakusema. Alimfunga mbuzi kwenye mti wa kahawa, akamkatia majani, akawakaribisha wageni matoke na maharage. Walipokuwa wakila ndipo akauliza: "Na Mwalimu wenu anaumwa? Nilikuwa namwita kila asubuhi, kabla hata hajatoka, haitiki."

Salvina hakulala vizuri juma lile. Jumamosi akafunga duka, akapanda Hiace mpaka Omurushaka, na kutoka pale bodaboda mpaka Rugera. Alimkuta Jovitus akipogolea kahawa. Akamwamkia, akapewa kigoda, akaanza maneno aliyoyapanga njia nzima: kwamba kundi limemkosea, kwamba watu hawana shukrani, kwamba kura ile ilikuwa kosa lake yeye admini.

Jovitus akamwinulia mkono. "Subiri kwanza. Mimi nilimpigia kura Anonciata."

"Wewe?"

"Mimi. Nilinyamaza wiki nzima na zaidi, na katika watu wote wale, aliyeuliza Mwalimu yuko wapi ni yeye peke yake. Nikasema huyu ndiye. Nikamtumia Kahigi jina lake kwa moyo mweupe kabisa." Akaweka mkasi chini. "Halafu aliposhinda, mwanangu, niliumia. Niliumia hapa. Nimekaa nikajiuliza, mzee mzima, kumwania mbuzi ulikataa mwenyewe, jina umelitaja mwenyewe, sasa unalia nini? Sikupata jibu. Nikajitoa kwa sababu niliona aibu kukaa mule nikiwa hivyo."

Salvina alitafuta la kumwambia. Alifikiria kusema wote tunakushukuru, lakini likaonekana kama chenji iliyobaki baada ya mbuzi. Alifikiria kumwomba arudi, akaona atakuwa anamwomba kwa faida ya kundi, si yake. Mwishowe akasema ukweli: "Mwalimu, nami sielewi."

"Basi tuko wawili," Jovitus alisema. Akamwonyesha matawi ya kupogoa na ya kuacha, wakafanya kazi pamoja mpaka jua likapanda. Wakati wa kuondoka alimpa mkungu mdogo wa ndizi na machipukizi ya mgomba aliyokuwa ameyang'oa asubuhi ile, akamwambia ampelekee Vero njiani.

Mzee Kahigi bado anafurahi. Juzi ametuma ujumbe kwamba mwakani atatoa mbuzi wawili, mmoja wa majibu na mmoja wa salamu, halafu watu waseme tena. Salvina hajamjibu. Aliandika asante, akaongeza hapana, akafuta vyote kabla ya kutuma.

Na Jovitus? Hakuna aliyemwomba, ila baada ya majuma kadhaa aliomba kuingia, Salvina akamfungulia. Hakusalimia wala kujieleza. Mtu mgeni wa Kyerwa alikuwa ametuma picha ya ndizi zinazoiva kabla ya kukomaa, na Jovitus akamwandikia: "Umekata kigogo ukatazama ndani? Panga lako ulilisafisha kwa moto, lisisambaze ugonjwa?" Anonciata akatuma sauti: "Karibu Mwalimu, habari za siku nyingi?" Jovitus akaitikia nzuri.

Salvina akiwa cherehanini aliandika, "Asante sana Mwalimu." Akayatazama yale maneno. Yakisomwa na watu wote, si yataonekana kama zawadi nyingine? Na asipoyaandika, si atakuwa yule yule ambaye hakuona mtu amenyamaza? Kidole kikabaki hewani. Mteja alipoingia kuulizia gauni la kipaimara la binti yake, Salvina alibonyeza kutuma bila kujua vizuri kama alikusudia, akageuza simu kifudifudi juu ya vitambaa.