Kengele ya Mwalimu Machage

Mwalimu Machage alikuwa na saa ya mkononi, na kijiji kizima kilikuwa na Mwalimu Machage. Hivyo ndivyo watu walivyojua wakati katika kijiji kile cha ujamaa, mwendo mfupi kutoka Nyansurura. Alipoigonga rimu kuukuu ya lori iliyoning'inia nje ya ofisi yake, watoto walikwenda shule, vijana walikwenda mazoezini, na Jumapili Wakatoliki walikwenda misani.

Ila kengele ile ilikuwa ya uongo. Mwalimu alipohamia pale, miaka sita nyuma, alikuta kila mtu anachelewa nusu saa, naye alichukia uchelewaji kuliko kupe. Akaamua kuwazidi ujanja, akawa anagonga nusu saa mapema. Mwezi mmoja watu waliwahi. Mwezi wa pili wakawa wanafika saa nzima baada ya kengele. Mwalimu akairudisha nyuma tena. Mwishowe kengele ya saa mbili ikawa inalia saa moja, watu wanafika saa mbili kamili, na Mwalimu anatembea kifua mbele akiamini kwamba hakuna aliyemshtukia.

Mambo yaliharibika Ijumaa moja, padri alipokuja kuungamisha. Mwalimu alikuwa amejiandalia dhambi ndogondogo za kawaida, mara kengele ikamponyoka mdomoni. Padri akauliza kama hata ile ya misa. Mwalimu akakiri kwamba hasa ile ya misa. Malipizi yakawa mafupi: kuanzia kesho, agonge kweli.

Kesho yake ilikuwa fainali.

Timu ya kijiji ilikuwa inakwenda Mugumu kugombea mpira wa ngozi, mpya, na pampu yake. Kwa miaka sita Mwalimu alikuwa amewafundisha vijana kwa mpira wa matambara uliofungwa kamba za katani, na mvua ikinyesha ulikuwa mzito kama mtoto wa ng'ombe. Aliutaka mpira ule mpaka akauota. Lori lilikuwa la Athumani, dereva kutoka Tarime mjini, Mwislamu aliyeswali swala tano bila kupitwa na hata moja. Athumani alishasema ataondoka saa mbili, kwa sababu adhuhuri alitaka imkute msikitini Mugumu.

Mwalimu angeweza kuwatangazia watu usiku ule kwamba kengele imebadilika. Lakini angeanzia wapi, yeye aliyewachapa watoto wao kwa kuchelewa? Aibu ikamfunga mdomo. Asubuhi alisimama chini ya rimu tangu saa moja, nyundo mkononi, mkono unamwasha. Saa mbili kamili akagonga.

Hakuja mtu. Kijiji kilisikia kengele ya saa mbili, kikajua kwamba sasa ni saa moja, kikaendelea na uji wake. Athumani alikuwa ameshawasha injini. Mwalimu akambembeleza, akapewa dakika kumi.

Akatimua mbio na suti yake ya Jumapili hadi kwa mama Robi, ambaye mwanawe Mseti ndiye aliyekuwa mshambuliaji. Mseti alikuwa anakamua ng'ombe kwa raha zake.

"Shikamoo mama. Kengele ya leo ni ya kweli," Mwalimu akasema akihema.

"Marahaba. Na zile nyingine?"

"Zile nyingine nilikuwa nadanganya."

"Hilo tunalijua, Mwalimu," mama Robi akasema. "Sasa siku ukitaka kusema kweli si ungetuambia mapema, tujiandae?"

Mwalimu angecheka, lakini mama Robi hakuwa amemaliza. Akauliza, kwa sauti ya chini, habari za mwaka ule wa kwanza, Mseti akiwa darasa la saba, alipochapwa viboko vinne kwa kuchelewa. Je, siku ile alikuwa amechelewa kweli?

Mwalimu alitazama viatu vyake. Hakuwa amewahi kuona aibu kama ile, wala hakuiona tena.

"Hakuwa amechelewa, mama."

Mseti alisimama na kibuyu cha maziwa mkononi, akamtazama mwalimu wake. Kisha akaweka kibuyu chini, akapiga mluzi, na vijana wakatoka kila upande, mmoja ana povu la sabuni masikioni. Lori lilikuwa limeanza kutembea. Walilidandia likiwa kwenye mwendo, na Mwalimu alivutwa juu kwa mkono wa Mseti.

Mugumu walifika mapema, Athumani akaiwahi swala yake. Saa nane filimbi ikalia, timu pinzani haipo. Sheria ilisema ikipita robo saa, mchezo umekwisha na waliofika ndio washindi. Mwalimu alisimama pembeni akiutazama mpira wa ngozi mezani. Hapo timu pinzani ikatokea kwenye kona ya uwanja, ikikimbia. Mwamuzi akatikisa saa yake, akagundua kwamba imesimama, akageuka.

"Mwalimu Machage, wewe ni mtu wa wakati. Robo saa imeshapita?"

Mwalimu akaangalia mkono wake. Saa nane na dakika kumi na nne. Akainua macho, akamkuta Mseti anamtazama kama alivyomtazama asubuhi.

"Bado dakika moja," akasema.

Walifungwa manne bila. Wakati wa kurudi, lori lilipokaribia kijiji, Mseti alisema kwamba ule mpira wa matambara unahitaji kamba mpya, na kwamba yeye ataleta katani Jumatatu.

Jumatatu Mwalimu alikwenda kugonga saa mbili, kengele ya kweli, huku amejiandaa kuwasubiri watoto saa nzima bila kumgusa hata mmoja. Akakuta shule yote imeshapanga mistari, wengine wanatetemeka kwa baridi ya asubuhi. Mama Robi alikuwa amekaa kwenye jiwe kando, na furushi la katani mapajani.

"Tumekuja tangu kumi na mbili," akamwambia. "Ulipokuwa unadanganya, tulikuwa tunajua utagonga saa ngapi."