Hatua Elfu Mbili Kutoka Mnara wa Taa

Saa nne kasorobo asubuhi mhifadhi wa rasi alifungua geti, akafuta kinyesi cha ndege kwenye benchi la wageni na kutundika ubao unaosema mbwa hawaruhusiwi. Saa nne kamili nyayo zikaanza kutembea.

Hazikuwa na watu juu yake. Zilijichora mchangani moja baada ya nyingine, peku, vidole vimetanuka kama vya watu wasiojua kiatu, kuanzia chini ya mnara wa taa. Wenye nyayo waliishi hapo miaka elfu nne iliyopita. Walikula chaza, wakaacha lundo la makombe linalompita mtu urefu, na misingi ya nyumba tisa za mviringo ambayo mawe yake yamebanana hata kisu hakipenyi. Mtu akiyatazama anatamani kuvua kofia. Mafundi wa siku hizi walijenga choo cha wageni, kikapata ufa kabla rangi haijakauka.

Mhifadhi alihesabu watu kumi na wanne, mmoja wao mtoto anayerukaruka. Kwenye daftari la wageni akaandika: kundi, kumi na wanne, wenyeji.

Mwalimu mstaafu, aliyekuja kila Jumamosi na darubini yake kutazama ndege, alisogea kuzipisha.

"Angalia wanavyokwepa maua," alisema.

Ilikuwa kweli. Nyayo zilizunguka kila ua la manjano na kila kiota kilichojengwa chini. Mhifadhi alikuwa amefanya kazi hapo miaka kumi na moja na hakuwahi kupata wageni wastaarabu kama hao.

Tatizo ni kwamba hawakuishia kwenye uzio. Walipita kwenye maduara manane ya mawe, moja baada ya jingine, kisha wakavuka waya kama haupo na kuendelea hadi duara la tisa, kubwa kuliko yote, lenye mafiga yake bado katikati. Duara hilo lilikuwa kwenye kiwanja cha hoteli. Jumatatu tingatinga lingekuja kulisawazisha, pawe maegesho ya magari.

Mhifadhi alichukua futi ya kamba akawafuata. Hati ya hifadhi ilisema mpaka uwe mita elfu mbili kutoka mnara wa taa. Duara la tisa lilikuwa ndani ya mita hizo. Uzio ulisimama kwenye mita elfu moja na mia nane. Alikaa juu ya jiwe, kwa sababu alimjua aliyepima.

Siku ya kuweka mpaka, futi ya mpima ardhi ilitumbukia baharini. Baba wa mhifadhi ndiye aliyekuwa na kazi hiyo wakati huo, na hatua yake ilisifika kuwa mita moja kamili, haipungui wala haizidi. Basi wakapima kwa mguu wake. Ila miezi miwili kabla alikuwa ameanguka kwenye majabali akimrudisha kinda kiotani.

Jioni alimkuta baba yake amekaa kitandani, anakanda goti kwa maji ya moto.

"Baba, siku ile ya mpaka goti lilikuwa linauma?"

"Nilihesabu elfu mbili. Sikuruka hata moja."

"Na hesabu sina ugomvi, baba. Nauliza goti."

Mzee alikamua kitambaa, akakikunja mara nne.

"Nilijikaza," alisema. "Mpima ardhi alishatangaza mbele ya watu kwamba mguu wangu ndio futi ya serikali. Ningeanza vipi kusema unauma?" Akakirudisha kitambaa gotini. "Andika, mwanangu. Na jina langu weka."

Akaandika. Tangu utotoni alikuwa akiambiwa ana bahati kuzaliwa na mtu mwenye hatua ile, na sasa ilibidi aandike kwamba kila hatua ilipungua upana wa kiganja. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Barua aliipeleka mwenyewe ofisi ya kanda, na Jumapili mkuu wa kanda akapiga simu.

"Barua yako nzuri sana, dada. Lakini ramani ina sahihi tatu."

"Na nyayo, mkuu?"

"Wakumbushe wasitoke nje ya njia."

Jumatatu mzee alivaa buti zake za kazi akaja. Saa nne nyayo zilipoondoka, naye akaondoka, akihesabu kwa sauti. Safari hii hakujikaza, alichechemea waziwazi. Nyayo zikatangulia kidogo, zikasimama, zikamngoja. Kuanzia hapo zilifupisha mwendo, na ile ndogo ikaacha kuruka ikatembea ubavuni kwake. Walipofika duara la nne akatimiza elfu mbili, akacheka.

"Ningepima leo, tungebaki na nusu ya rasi."

Kwenye uzio alisimama. Nyayo zikavuka. Dereva wa tingatinga alizima injini kuzipisha, akazingoja ziingie na kutoka, kisha akawasha tena. Kabla ya chakula cha mchana duara la tisa lilikuwa uwanja.

Maegesho yalifunguliwa. Kila asubuhi nyayo hupita katikati ya magari, huinuka kidogo pale palipokuwa na kizingiti, na huingia. Wageni wa hoteli huzipiga picha. Saa tano mfagiaji huzipigia deki, hana chuki nazo. Ramani bado ina sahihi tatu.

Mzee huja kila siku, husimama upande wa ndani wa waya na kuwahesabu wenye nyayo wakirudi. Wiki iliyopita mtoto alichelewa. Alipovuka, nyayo zake zilikuwa nyeusi kwa oili ya gari, na kwa mara ya kwanza zilikuwa zimegusa maua, kwa kuwa alirudi mbio kuwafuata wenzake.

Mzee alipiga goti, lile bovu, akaanza kufuta ua moja baada ya jingine kwa pindo la shati.

"Wametimia?" aliuliza mhifadhi.

"Wametimia," alisema mzee bila kuinua kichwa.

Mhifadhi akaandika kumi na wanne, akafunga daftari, akapiga magoti upande wa pili wa maua.