Aliyegawa Kibuyu cha Kwanza

Ng'ombe wa Raheli aliitwa Sukari, na hakukubali kukamuliwa kabla Amosi hajapita. Ilongero nzima ililijua hilo. Jua likianza kuinama, Raheli aliketi kwenye kigoda, akaosha chuchu za ng'ombe kwa maji ya vuguvugu, akasubiri. Amosi, mumewe, alipita juu ya zizi akitokea mashariki, mdogo kama mbegu ya alizeti, akapunga mkono. Raheli akampungia kanga. Ndipo maziwa yakateremka.

Amosi alichukuliwa na upepo wa Agosti, mwaka juzi, walipokuwa wanapepeta alizeti. Makapi yalianguka karibu na barabara ya kwenda mjini. Amosi hakuanguka. Mwinjilisti alimwandika kwenye daftari la usharika kuwa yuko safarini, maana daftari halikuwa na nafasi nyingine ya mtu kama huyo.

Raheli hakumlaumu Mungu. Kila jioni alimshukuru kwa kumwonyesha mumewe, kisha akamwomba jambo moja: apate njia ya kumfikishia koti lake, kwa kuwa Amosi aliondoka na shati la mikono mifupi, na ikiwezekana amshike mkono warudi wote nyumbani.

Njia ilikuja na Calist, mdogo wake Amosi, aliyekuwa na kibanda cha simu kule mjini, Utemini. Huko kibandani alisikiliza mihadhara ya matajiri wa ng'ambo wanaojiundia roketi zao wenyewe, na alirudi Ilongero akiwa na maneno mengi.

"Shemeji, nani aliyempeleka kaka kule juu?"

"Upepo."

"Na sisi nani anatuzuia kumfuata?"

Raheli akafikiri. "Sijui."

"Ruhusa. Tumezoea kusubiri ruhusa. Mtu ni mali yake mwenyewe, shemeji, na anga si ya wizara yoyote. Tutengeneze kamba yetu. Apande anayetaka, na wa kwanza uwe wewe."

Nyuma ya nyumba ya Raheli kulikuwa na jiwe kubwa, refu kuliko kanisa. Raheli alilitoa jiwe. Akatoa na ngozi za maksai wawili walioachwa na Amosi. Watu wakaitwa, wakaja kama wanavyoitikia mwito wowote wa kazi, wenye mikonge na mikonge, wenye ngozi na ngozi. Hakuna aliyeomba karatasi. Kumdai karatasi mtu aliyekuita kwenye kazi ni kumtukana.

Walisokota miezi mitatu. Afisa mmoja alikuja na pikipiki kuuliza kibali. Akaipima kamba hadi pale mkono wake ulipofika, akaandika kwamba sehemu hiyo haina tatizo, akaondoka. Siku ya mwisho Calist alisimama juu ya jiwe akairusha kamba, ikashika. Imeshika nini, haikujulikana. Mawingu nayo haijulikani yameshika nini.

Siku hiyo Raheli alikuwa amepika togwa. Uwele ulikuwa wake, aliuotesha na kuusaga mwenyewe. Kibuyu cha kwanza kilipojaa alimpa Calist mikononi, kwa heshima, awagawie watu.

"Wewe Raheli," jirani yake Stumai akamnong'oneza, "mbona anagawa yeye? Kazi si yako?"

"Ndiye mwanaume wa boma hili mpaka kaka yake arudi."

"Haya. Mimi yangu macho."

Ilongero, anayegawa kibuyu cha kwanza ndiye mwenye kazi. Ukishakunywa togwa yake, jasho lako limelipwa. Raheli alilijua hilo tangu utotoni. Siku hiyo halikumjia akilini.

Jumatatu alikwenda na koti limekunjwa ndani ya mfuko. Jiwe lilikuwa limezungushiwa mabati. Kulikuwa na mlango, na dirisha dogo, na Calist ndani ya dirisha.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nimekuja kupanda."

"Tiketi unayo?"

"Calist, jiwe ni langu."

"Ni lako, nani amelikataa? Kamba ndiyo yangu. Na mtu huru halazimishwi kumpandisha mtu kwenye kamba yake. Si ndiyo tulikubaliana, uhuru?"

"Ulisema apande anayetaka."

"Na mimi nikitaka, shemeji. Wewe pia uko huru. Sokota ya kwako."

Raheli alimpelekea shauri Gerald, mwenyekiti wa kitongoji. Gerald aliwakusanya watu akawauliza swali moja: nani aligawa kibuyu cha kwanza? Wote walikuwa watu wa kanisani na msikitini, hawakuweza kusema uongo. Wakasema ni Calist. Stumai naye alisema, akiangalia miguu yake.

"Basi kazi ni ya Calist," Gerald akasema.

Calist, ambaye miezi mitatu alikuwa akiwafundisha kwamba mtu huru hafungwi na mambo ya mababu, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Mila ni mila," akasema.

Raheli akamwomba basi amfikishie Amosi koti. Calist akalipokea kwa mikono miwili.

"Hilo tu, shemeji? Hata usijali."

Tangu hapo wageni wanakuja kila siku, wengine kutoka mbali, wanapanda kumtazama Amosi kwa karibu na kumpiga picha. Kule juu kuna baridi. Kwa hiyo Calist ana koti la kuwakodishia, la rangi ya udongo, lenye kiraka cha bluu kwenye kiwiko. Kiraka hicho Raheli alikishona mwenyewe.

Jana jioni aliosha chuchu za Sukari akasubiri. Mwanaume mnene alikuwa nusu ya kamba, amevaa koti. Amosi akatokea mashariki. Raheli akasimama, akainua kanga juu kabisa, akaipunga.

Amosi alilitambua koti lake. Akalipungia mkono, muda mrefu kuliko kawaida, na alipopotelea magharibi, upande wa Sekenke, bado alikuwa ameligeukia.

Raheli akashusha kanga. Akamwombea mumewe, akamwombea na yule mgeni asidondoke. Kisha akaketi kwenye kigoda, akavuta chuchu. Sukari alikuwa bado anaangalia juu, na maziwa hayakuteremka.